Fundi Anajibu: Shokapu mpya imevuja, nimdai nani?

Mvua zimepita, mashimo yamebaki, na barua za mwezi huu karibu zote zinahusu shokapu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu yaliyomkuta mwandishi wake yanawakuta wengi wanaojitahidi kuweka kitu kizuri kwenye gari. Isitoshe alituma picha na video nzuri, na kwa picha zile nimeweza kusema kilichotokea bila kubahatisha.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma, nina RAV4 ya mwaka 2004. Mwisho wa wiki naenda shamba upande wa Kongwa, na njia yangu ina rasta, matuta na kipande kirefu cha vumbi. Shokapu za mbele zilizokuja na gari kutoka Japani zilikuwa zimechoka. Nikikanyaga breki pua inainama, nikivuka tuta gari linanesa mara tatu, nne, ndipo litulie. Nikaamua kupanda daraja, nikanunua za gesi za kampuni yenye jina, jozi kwa shilingi 320,000. Fundi alipofunga gari lilitulia hadi nikafurahi. Baada ya wiki tatu ya kulia ikaanza kuvuja oili. Dukani wakanibadilishia bila maneno. Hiyo ya pili haivuji, lakini tangu siku ya kwanza inagonga, na upande ule gari linanesa kama zamani. Nimerudi, wananiambia nimeshabadilishiwa mara moja na tatizo ni fundi wangu. Fundi anasema duka linauza feki. Risiti na maboksi ninayo. Ile ya kwanza niliipiga picha kabla ya kuirudisha, na ya pili fundi ameshaitoa, iko nyumbani. Nani anilipe? Na je, ninunue tena za gesi au nirudi kwenye za kawaida? — Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba Mwalimu, na pole kwa usumbufu. Fundi wako na duka wanarushiana mpira, na kwa nilichokiona kila mmoja ana lake. Shokapu ya kwanza iliharibiwa wakati wa kufungwa. Ya pili ilitoka dukani ikiwa mbovu, na sidhani hata kama ni ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na ya kwanza. Fungua ile picha uliyoipiga karibu, uikuze. Angalia rodi, ile fimbo inayong'aa inayoingia na kutoka kwenye mwili wa shokapu. Chini kidogo ya pale raba ya kizuizi inapoishia utaona vijistari vifupi vimepangana sambamba, na upande wa pili wa rodi vingine kama hivyo vinatazamana navyo. Hayo ni meno ya plaizi ya kubana. Hakuna barabara inayoweza kuandika mistari ya namna ile.

Huwa inatokea hivi. Fundi anapokaza nati ya juu, ile inayofunga mauntini, rodi nayo inazunguka pamoja na nati. Anatafuta pa kuishikia, anafunua buti la vumbi, anaibana kwa plaizi katikati, nati inakaza, kazi imekwisha. Lakini rodi ile imepakwa kromu na kusuguliwa iwe laini kabisa kwa sababu kila inapopanda na kushuka inapita kwenye sili, na sili ndiyo inayozuia oili isitoke. Ukiikwaruza, kila tuta unalovuka ile mikwaruzo inapita kwenye mdomo wa sili na kuula taratibu. Siku ya kwanza gari linatulia, wiki ya kwanza linatulia, kisha unaona unyevu, kisha oili inatiririka. Kwa njia ya vumbi kama yako mambo yanakwenda haraka zaidi, kwa kuwa vumbi linaganda kwenye oili ile na kusaga kilichobaki. Wiki tatu ni muda unaoingia akilini kabisa.

Namna sahihi ni kuishika rodi pale juu kwenye ncha yake. Shokapu nyingi za aina hii zimechongwa hapo mahali pa kuingiza ufunguo wa aleni, au zina bapa mbili za kushika kwa spana. Unashika hapo, unazungusha nati kwa spana nyingine, na nati inakazwa kwa mkono. Zile mashine za upepo zinazolia gereji nzima zisiguse nati hii, maana zinaizungusha rodi kwa kasi pamoja na pistoni iliyomo ndani, na unaweza kuumiza vali hata kabla gari halijatoka getini.

Kwa hiyo duka lilikubadilishia kitu ambacho halikuwa na deni nacho. Sikwambii ukawarudishie, walikubali wenyewe bila kuikagua. Lakini unapokwenda kuwadai ya pili ujue hilo, usije ukajenga hoja yako juu ya ya kwanza. Duka likileta fundi anayejua kazi atakuonyesha mistari ile na mjadala utafia hapo.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo la kufanya wiki hii hii. Shokapu ya kushoto ilifungwa na mkono ule ule, siku ile ile. Mwambie fundi apandishe gari kwa jeki, afunue buti la vumbi, aisafishe rodi kwa kitambaa na kuimulika kwa tochi. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, na hiyo iko njiani. Unyevu mwembamba wa oili unaobaki kama jasho na kukusanya vumbi kidogo usikutishe, rodi hubeba utando wa oili inapotoka. Kinachotisha ni oili inayoteremka na kulowesha mwili wa shokapu hadi chini.

Sasa hii ya pili. Hapa nakupongeza kwa kutunza maboksi, maana watu wengi huyatupa pale pale gereji. Namba ya kampuni iliyochapwa kwenye boksi la pili ni ile ile ya boksi la kwanza, sawa. Lakini namba iliyogongwa kwenye mwili wa shokapu ya pili ni nyingine, na wino wa lebo yake umevuka pembeni. Angalia pia kile kibanio cha bomba la breki kilichochomelewa ubavuni. Kwenye picha ya kwanza uchomeleaji umekaa kama uzi mmoja ulionyooka. Kwenye ya pili una madonge na vitone vya chuma vimerukia mwilini, na kibanio chenyewe kimekaa upande. Kiwanda kinachotengeneza vitu kwa wingi na kuvikagua hakitoi kazi ya namna hiyo.

Hayo ya nje peke yake yasingenitosha kusema ni mbovu. Kilichonitosha ni video. Fundi ameisimamisha wima mezani, akaibonyeza hadi mwisho, akaiachia, na rodi ikabaki chini. Boksi limeandikwa kwamba ni ya gesi. Shokapu ya gesi ukiibonyeza na kuiachia inapanda yenyewe taratibu, kwa sababu naitrojeni iliyomo inasukuma. Ikibaki chini, gesi haipo: ama imetoka, ama haikuwahi kuwekwa. Kisha alipoivuta juu kuna mahali, karibu upana wa vidole viwili, mkono wake unakwenda bure bila kukutana na uzito wowote, halafu ghafla inakaza. Pengo lile ndilo unalolisikia linagonga barabarani.

Hapa nieleze jambo moja ili muuzaji asikuzidi maneno. Shokapu mpya za mirija miwili, yaani mrija mmoja ndani ya mwingine, zikilazwa kwenye rafu muda mrefu, hewa au gesi inaweza kuingia kwenye chumba cha kazi, pale pistoni inapocheza, na ukiipima mara ya kwanza utalisikia pengo kama hilo. Haimaanishi ni mbovu. Unaisimamisha wima kama itakavyokaa kwenye gari, unaibonyeza na kuivuta mwendo mzima mara kadhaa, hewa inapanda, pengo linapotea. Mafundi wengi hawafanyi hivyo, wanafunga tu, na mteja anarudi analalamika inagonga. Lakini fundi wako kwenye video ameipampu vya kutosha na pengo liko pale pale. Hiyo haina oili ya kutosha ndani. Na kwa kweli jaribio lile angelifanya kabla ya kufunga wala si baada ya kutoa. Hilo mwambie.

Kuhusu kudai. Usiiache shokapu dukani kwa ahadi ya "tutaituma kwa wakala". Ukiwaachia, umewapa ushahidi wako wote. Nenda asubuhi kabla duka halijajaa, uwe na shokapu, boksi, risiti na video kwenye simu. Usianze na neno feki, kwa sababu muuzaji akishaitwa mwizi mbele ya wateja hasikii tena. Mwambie namba ya mwilini hailingani na ya boksi, kisha mwombe atoe nyingine mpya rafuni ya namba ile ile, muikate mkanda wa plastiki pamoja, mzisimamishe mbili mezani na kuzibonyeza. Yake ikipanda na yako ikabaki chini, hakuna cha kubishania. Yake nayo ikibaki chini, duka lina mzigo mzima wa matatizo na mwenye duka mwenyewe anahitaji kujua.

Wakikuelekeza kwenye maandishi ya ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, usigeuke ukaondoka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Umeuziwa kitu chenye namba fulani na kuambiwa kina gesi. Hakina namba hiyo wala gesi. Omba pesa yako au shokapu nyingine iliyopimwa mbele yako, na wakikataa, waandikie barua fupi, nakala ubaki nayo, kisha upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ile inayofahamika zaidi kwa herufi FCC. Tume hiyo inafanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji pamoja na kupambana na bidhaa bandia ni sehemu ya kazi yake. Watakachokuuliza kwanza ni risiti. Yako ni ya EFD na imetaja jina la kitu, vizuri sana. Wasomaji wengine, mkipewa kikaratasi kilichoandikwa "spea" tu, kirudisheni kiandikwe shokapu, upande gani, namba gani na gari gani. Ni dakika moja.

Kwa fundi, mimi ningemdai pesa ya ufundi wa kufunga tena, si bei ya shokapu, kwa vile duka lilishaifidia. Muonyeshe picha mkiwa wawili. Vijana wengi wamejifunza kazi kwa kuwatazama waliowatangulia, na aliyewatangulia naye alikuwa anabana kwa plaizi. Ukimuonyesha mistari ile na oili ilikoanzia, hatarudia kwa gari lako wala la mwingine. Akikasirika, tafuta gereji nyingine.

Swali lako la mwisho: ndiyo, baki kwenye gesi. Springi ndiyo inayobeba gari, na shokapu inaituliza springi isiendelee kucheza baada ya tuta. Inafanya hivyo kwa kuisukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na kazi yote ile inageuka kuwa joto. Kwenye rasta na mawimbi ya barabara ya vumbi, rodi inapanda na kushuka haraka mno, oili inapata moto na kuanza kutoa povu, na povu halina uwezo wa kuzuia chochote. Ndiyo maana gari lenye shokapu za kawaida linakuwa zuri dakika za mwanzo za safari, na mbele ya safari linaanza kuelea. Gesi inaikandamiza oili isitoe povu upesi. Hiyo ndiyo faida unayoilipia, na kwa njia ya Kongwa inafaa pesa yake. Usitegemee gesi inyanyue gari wala ibebe magunia.

Na ukifunga safari hii, badilisha pia mauntini na beringi yake, raba ya kizuizi na buti la vumbi. Nimeona kwenye picha buti lako limechanika hadi katikati. Shokapu mpya ndani ya buti lililochanika inakula vumbi kuanzia siku ya kwanza. Halafu upime alaimenti, kwa sababu zile boliti mbili za chini zikilegezwa na kukazwa tena, gurudumu halirudi pale pale lilipokuwa.

SWALI: Habari za kazi Fundi. Nina Subaru Forester ya 2004. Shokapu za nyuma zilikufa, nikaweka mpya kabisa, nzuri, sina shaka nazo. Tangu hapo gari limelala nyuma. Nikipakia watoto na mizigo ya kwenda Moshi, tairi zinakaribia kugusa. Fundi anasema nimeuziwa mbovu. Duka wanaapa ni nzima. — Mama Watatu, Arusha

JIBU: Nzuri, mama. Duka wanasema kweli, shokapu zako ni nzima. Hazikuwa za gari lako, basi.

Forester nyingi za kizazi kile zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe. Ndani yake mna pampu ndogo. Ukipakia mzigo na kuanza kutembea, mchezo wa gurudumu unaipampu shokapu hadi gari linarudi kwenye kimo chake. Kwa kuwa shokapu hizo zinasaidia kubeba uzito, Subaru waliziwekea springi laini kuliko za Forester ya kawaida. Wewe umetoa shokapu iliyokuwa inasaidia kubeba, ukaweka inayotuliza tu, na springi laini imeachiwa uzito wote peke yake. Ndiyo maana imelala.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua shokapu za kujinyanyua mpya, lakini bei yake inaumiza na ikifa tena unarudi hapo hapo. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendelea, ni kuacha hizo ulizonazo na kubadilisha springi za nyuma, uweke za Forester ya kizazi hicho hicho ambayo haikuwa na mfumo huo, au mpya zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Badilisha mbili kwa pamoja. Usikubali kuwekewa raba za tairi kuukuu katikati ya koili ili "ipande kidogo". Koili zilizobanwa na raba haziwezi kufanya kazi, mzigo wote unahamia kwenye zile chache zilizobaki huru, na hapo ndipo springi inapokatika.

Wenye Land Cruiser na Prado zenye waya unaoingia kwenye kichwa cha shokapu, au bomba la oili, onyo hili linawahusu pia. Mfumo wa umeme au wa oili ukiondolewa na kuwekwa shokapu ya kawaida, kuna kitu kingine lazima kibadilishwe nacho. Uliza kabla ya kulipa.

SWALI: Fundi mambo vipi. IST yangu niliipandisha kwa spesa mbele na nyuma kwa sababu ya matuta ya mtaani kwetu Goba. Sasa kila nikitoka kwenye tuta nasikia "ko!" kwa mbele. Nimebadilisha shokapu mara mbili, na stabilaiza linki, bado tu. Nihamie kampuni gani ya shokapu? — Kijana wa Goba

JIBU: Poa kijana. Kampuni haina kosa hapa, usihame. Umeongeza kimo cha gari lakini urefu wa shokapu ni ule ule. Gurudumu linapoteremka upande wa pili wa tuta, rodi inafika mwisho wake wa juu kabla gurudumu halijamaliza kushuka, na "ko!" unayoisikia ni pistoni inagonga kizuizi cha ndani. Kila shokapu utakayoweka hapo itagonga vivyo hivyo hadi ife.

Hujaniambia spesa zako ni nene kiasi gani. Nataka uzipime. Kadiri zinavyozidi unene ndivyo mchezo wa shokapu wa kuteremka unavyopungua, na shafti za mbele nazo zinakaa kwa pembe kali, raba buti zinapasuka na jointi zinaanza kulia ukikata kona. Kama ni nene, ziondoe uweke nyembamba, au tafuta springi ndefu kidogo zenye shokapu zinazolingana nazo. Hakikisha pia bomba za breki hazivutiki gurudumu likining'inia. Hiyo ya breki ikague leo kabla ya kulala.

SWALI: Salaam. Naendesha mkonga wa ofisi, Land Cruiser ya springi za majani nyuma, huku Mpanda. Barabara ni changarawe na mawe, mzigo mzito kila siku. Tuna bajeti ya kuweka shokapu bora. Wenzangu wanasema za mrija mmoja kama Bilstein ndizo mwisho wa yote. Ni kweli? — Dereva, Katavi

JIBU: Ni nzuri sana, ila si kwa kila njia. Shokapu ya mrija mmoja inatoa joto haraka, kwa sababu oili yake imegusana moja kwa moja na ukuta wa nje unaopigwa na upepo, na gesi yake imetengwa na oili kwa pistoni inayoelea. Kwa mwendo mrefu wa mawimbi na rasta hutapata iliyo tulivu kuliko hiyo. Udhaifu wake ni kwamba ukuta ule ule ndio njia ya pistoni. Jiwe likiupiga likauingiza ndani, pistoni inakwama au inajikwaruza, na shokapu imekwisha siku hiyo. Ya mirija miwili ikipigwa jiwe hilo hilo, ukuta wa nje unabonyea na ya ndani inaendelea kufanya kazi.

Kwa mawe unayonieleza, mimi ningekwenda kwenye mirija miwili mizito iliyotengenezwa kwa magari ya kazi, kwa mfano Old Man Emu za Australia. Zipo pia zile zenye povu maalumu ndani badala ya gesi huru, nazo zinavumilia joto vizuri. Kama ofisi imeshaamua mrija mmoja, basi wekeni vikinga mawe mbele ya shokapu. Na uzito wa kila siku mpelekee fundi wa springi, aongeze jani au abadilishe seti. Nasema hivi kwa sababu naona ofisi nyingi zinanunua shokapu za bei mbaya kutibu springi zilizokwisha lala, na baada ya miezi michache wanalaumu shokapu.

Angalizo moja: ikifa, msiikate kwa grainda ili kuona ndani. Gesi ya mrija mmoja inakaa kwa shinikizo linalozidi mara kadhaa lile la tairi yenu.

SWALI: Fundi, je, shokapu za mtumba kutoka Japani ni bora kuliko mpya za bei nafuu? Na mtu abadilishe baada ya kilometa ngapi? — Msomaji, Tanga

JIBU: Inategemea mpya hiyo ni ipi. Kati ya mtumba ulio mkavu, rodi safi, unaokaza mwendo mzima bila pengo, na mpya isiyo na jina ambayo muuzaji mwenyewe hataki uipime, nitachukua mtumba. Lakini ukiweza kufikia mpya ya kampuni kama KYB au Monroe kwa muuzaji anayekubali kuisimamisha mezani mkaibonyeza pamoja, nunua hiyo na usahau mtumba, kwa maana mtumba umeshatembea na haujaandikwa popote umetembea kiasi gani. Ukinunua mtumba, chukua jozi iliyotoka kwenye gari moja. Kwa Toyota soma namba zake: ya mbele kulia huanza na 48510, ya mbele kushoto 48520. Nimeshaletewa "jozi" ambayo zote mbili ni za kushoto.

Kuhusu kilometa, watengenezaji hutaja 80,000 kuwa wakati wa kufikiria kubadilisha. Hiyo imehesabiwa kwa lami nzuri. Kwa njia zetu fungua macho mapema: tairi likianza kuliwa kwa mabonde mabonde ukilipapasa kwa kiganja, breki zikianza kuinamisha pua, au gari likihama njia kwenye kona yenye mashimo, zikaguliwe hata kama hujafika nusu ya hapo. Badilisha mbili za mbele pamoja, au mbili za nyuma pamoja. Kanuni hiyo naivunja tu pale moja inapokufa ikiwa bado changa na mwenzake imepimwa na kuonekana mzima, kama ya yule Mwalimu wa Dodoma, ikiwa ukucha hautakwama.